Si mshachukua damu, mkojo tena wa nini?

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye hii kazi wala sio kama sindano inauma. Ni hilo hapo juu. Ukienda kijiji kinachofuata linageuka, watu wanajaza kikopo bila shida yoyote afu wakiona sindano wanakwambia haja ndogo si mnayo, huko ndani si kila kitu kipo? Siku zote najibu kwa kifupi kwa sababu nyuma kuna foleni na jua linapanda. Leo niko off, acha nijibu kwa kirefu.

Kwa wasionijua, mi ni mtu wa maabara, naishi Nyakato hapa Mwanza, na naenda field na timu za utafiti, mara Ukerewe, mara Magu, mara ng'ambo huko Sengerema na Geita. Tunatoa damu, tunapokea mkojo, tunabandika lebo, tunazungusha kwenye mashine, tunagandisha. Watu wanasema tunapima magonjwa ila mara nyingi ugonjwa wenyewe wala hatuuoni, tunachopima ni alama zake, yani kitu ambacho ugonjwa au sumu au dawa imeacha mwilini kikatoka na damu au na mkojo. Na alama zinadanganya. Damu ina uongo wake, mkojo una uongo wake, na ukiwa na kimoja tu huna wa kumuuliza kama mwenzake anasema kweli.

Tuanze na mkojo maana ndo unaonekana rahisi. Hauna sindano, mtoto anaweza, bibi anaweza. Ila jamani mkojo ni muongo haswa. Chukua watu wawili wa mwalo mmoja, mmoja katoka ziwani alfajiri hajanywa maji tangu jana usiku, mwingine kashakunywa chupa mbili kwa sababu kasikia leo kuna kupima mkojo na hataki aitwe halafu haja isije. Tuseme hicho tunachokitafuta miili yao inakitoa kwa kiasi kilekile kwa siku, lakini kwenye mililita moja ya yule wa kwanza utakikuta kingi mara kadhaa na yule wa pili utadhani hana kitu. Ndo mana pembeni tunapima na kriatinini, hii ni taka inayotokana na misuli, figo zinaitoa kila siku kwa kiasi ambacho kwa mtu mmoja hakichezi sana, kwa hiyo badala ya kusema kipo kiasi gani kwa lita ya mkojo tunasema kipo kiasi gani kwa gramu moja ya kriatinini, na suala la maji linajifuta lenyewe. Protini ya albumini kwenye mkojo inasomwa hivyohivyo, ikifika miligramu 30 kwa gramu ya kriatinini na ikakaa hapo miezi mitatu au zaidi basi figo zina maswali ya kujibu.

Hapo napo kuna shimo. Kriatinini si inatoka kwenye misuli? Sasa kijana wa miaka 25 anayevuta nyavu kila usiku na bibi wa miaka 80 aliyekonda hawana misuli sawa hata kidogo. Kriatinini ya bibi ni ndogo, ukigawa kwa namba ndogo jibu linakuwa kubwa, unaweza ukamwona bibi wa watu ana balaa kumbe ana mikono myembamba tu. Kuna njia nyingine ya kuangalia uzito wa mkojo ukilinganisha na maji, inasaidia, ila mwenye sukari nyingi kwenye mkojo anaivuruga. Njia safi kabisa kwenye vitabu ni kukusanya mkojo wote wa saa 24, na hapo ndo mi huwa nacheka, unampa baba wa watu dumu unamwambia kila ukienda haja ndogo kuanzia kesho asubuhi weka humu, naye ana shamba, ana mnada, ana msiba kijiji cha pili, dumu linarudi na robo lita na mwenye dumu anaapa kwamba ni wote. Data za saa 24 za kijijini siziamini, mabosi wangu wanisamehe.

Mfano ninaoupenda ni wa zebaki kwa sababu kwa watu wa huku hauhitaji maelezo mengi. Geita wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, wanakamua kwenye kitambaa, wanachoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ule mvuke ukiuvuta unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, na sehemu inayopenda kukaa ni figo, kutoka hapo inatoka polepole na mkojo. Kwa hiyo ukitaka kujua mchomaji amevuta kiasi gani miezi hii ya karibuni unamuomba mkojo. Lakini ipo zebaki ya aina nyingine, ile ambayo bakteria wa kwenye maji na tope wameigeuza, inapanda kutoka kwa vidudu kwenda kwa samaki mdogo mpaka kwa samaki mkubwa, na mtu anaipata mezani. Hiyo kwenye mkojo karibu haionekani kabisa kwa sababu inatoka zaidi na choo kikubwa, ukiitaka unaikuta kwenye damu, imejificha ndani ya seli nyekundu, au kwenye nywele. Ndo iliyoumiza watu wa Minamata kule Japani, kiwanda kilimwaga taka baharini, watu wakala samaki, ugonjwa ukajulikana rasmi 1956.

Sasa mfikirie mtu wa huku kwetu. Mchana anachoma dhahabu, jioni ugali kwa sangara. Ukimpima damu peke yake ukakuta zebaki utasema ni ya mgodini au ya kwenye sahani? Hujui. Na ukisema basi nachukua mkojo tu, umemwacha mama yake ambaye hajawahi kusogelea karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) ila samaki anakula kila siku. Vyote viwili kwa pamoja ndo unaanza kutenganisha. (Samaki wa ziwa hili vipimo vingi nilivyosoma vimekuta zebaki ndogo, kwa hiyo msije mkaacha sato kwa ajili yangu.) Kwenye mkojo Wajerumani wana viwango vyao ambavyo watafiti wengi wanavitumia, chini ya mikrogramu 5 kwa gramu ya kriatinini hakuna wasiwasi, ukizidi 20 unatakiwa ushughulikiwe, hapo katikati unafuatiliwa na unaambiwa upunguze kukutana nayo.

Na kuuchukua huo mkojo ni kazi. Mashine inasoma vitu vidogo mno, vumbi la kwenye nguo au la kwenye kucha likidondokea kwenye kikopo tayari umempima mwenye kikopo pamoja na eneo lake la kazi. Kwa hiyo mchomaji anatakiwa anawe vizuri kwa sabuni, avue nguo za kazi, na kukojoa kufanyike mbali na pale wanapochomea, kikopo chenyewe kiwe kile kilichothibitishwa hakina madini. Kumweleza kijana mwenye haraka zake kwamba anawe mikono KABLA ya kwenda haja ndogo na sio baada, aisee, wanakuangalia kama umechanganyikiwa.

Kuna protini moja ndogo inaitwa beta-2-maikroglobulini, inaanza kuvuja kwenye mkojo pale mirija ya figo inapochoka, kwa mfano kwa sababu ya metali kama kadimiamu. Ni alama nzuri, inawahi. Tatizo mkojo ukiwa na asidi inaharibika, na inaharibika ukiwa bado kwenye kibofu, kabla mwenyewe hajashika hata kikopo. Hapo hata uwe na friza ya mamilioni mangapi umeshachelewa. Wengi siku hizi wanatumia protini nyingine zinazovumilia.

Haya, kichocho. Huku ndo tunajulikana nacho. Wengi wanajua kichocho ni kukojoa damu, lakini cha ziwani hasa ni cha tumbo, minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na mayai yanatoka na choo kikubwa. Cha kukojoa damu utakikuta zaidi huko ndani Usukumani kwenye malambo na mabwawa, kwa sababu konokono wanaokibeba ni wa aina nyingine na hao ndo makazi yao. Cha mabwawani ukikitafuta kwenye mkojo lazima uangalie saa, mayai yanatoka mengi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, tunachuja mililita 10 tunaangalia kwenye darubini, aliyetuletea mkojo wa saa kumi na mbili asubuhi kwa nia njema kabisa tunamwomba arudi baadaye. Cha ziwani unachukua choo miligramu 41.7, unahesabu mayai, unazidisha mara 24 upate mayai kwa gramu. Inafanya kazi kwa mtu mwenye minyoo mingi. Mwenye michache leo huoni yai, kesho unayaona, keshokutwa huoni.

Ila huyu mnyoo ana jambo lake moja linalotusaidia sana. Hana njia ya haja kubwa. Anakula damu, na mabaki anayatapika kwa mdomo uleule, moja kwa moja ndani ya mshipa wako. Kwenye yale matapishi kuna antijeni, mbili zinazojulikana sana zinaitwa CCA na CAA, zinazunguka na damu, figo zinazichuja, zinatokea kwenye mkojo. Ndo mana siku hizi kichocho cha TUMBO tunakipima kwa MKOJO, unadondoshea matone kwenye kikaseti kama kile cha kupima mimba, unasubiri mstari. Bibi mmoja Ukerewe aliniangalia akasema, "Mjukuu wangu, tumbo ndo linaumwa, we unataka haja ndogo?" Nikamwambia bibi, mdudu anatapika. Akacheka mpaka akawaita wenzake waje wasikie.

Kikaseti kina ugomvi wake, ule mstari hafifu. Upo au haupo? Watu wawili wanaangalia kaseti moja, mmoja anasema upo mwingine anasema macho yako. Maprofesa wanabishana kwenye majarida na sisi tunabishana chini ya mwembe. Ndo hapo damu inarudi kazini, maana CAA kwenye seramu (yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) kuna kipimo kilichotengenezwa Leiden huko Uholanzi kinachoona hata kiasi kidogo sana, minyoo michache tu inatosha kukiamsha. Na hapa watu wachanganue kitu kimoja, antijeni ni kitu cha mnyoo, antibodi ni kitu chako wewe ulichokitengeneza kupambana na mnyoo. Ukimeza prazikwanteli minyoo ikafa, antijeni inashuka ndani ya wiki chache. Antibodi inabaki muda mrefu sana, mtu alishapona bado damu yake inasema kichocho. Sasa mtafiti anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi akipima antibodi peke yake atasema dawa haisaidii, na ni uongo.

Nimesema damu nayo inadanganya, nisiiache ikaonekana malaika. Damu inadanganya kwa mikono yetu sisi tunaoitoa. Umefunga mpira kwenye mkono ukaenda kutafuta pamba, umemwambia mtu kunja ngumi fungua kunja fungua, potasiamu inapanda bila ugonjwa wowote. Umevuta kwa nguvu na sindano nyembamba, seli zimepasuka, seramu inatoka nyekundu, potasiamu tena. Tyubu zenyewe zina mpangilio wake, ya kifuniko chekundu damu inaganda tupate seramu, ya zambarau ina EDTA inazuia isigande. Ukianza na ya zambarau afu yale mabaki kidogo kwenye sindano yakaingia kwenye nyekundu, EDTA yetu ni ya potasiamu na inanasa kalsiamu, unapata mgonjwa mwenye potasiamu juu na kalsiamu chini ambaye mwenyewe yuko fresh anataka kurudi kuuza dagaa wake. Ya kijivu ni ya sukari, ina floridi, kwa sababu seli za damu hata zikiwa nje ya mwili zinaendelea kula sukari, kwenye tyubu ya kawaida inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa ukiiacha kwenye joto la chumba, na joto la chumba la kwenye vitabu sio lile la ndani ya Land Cruiser iliyopaki juani.

Ukisema basi nitatumia kipimo cha damu cha HbA1c kinachoangalia sukari ya kama miezi miwili mitatu nyuma, nayo kwa Kanda ya Ziwa kaa nayo kwa tahadhari, huku selimundu (sikoseli) ni nyingi, na mtu ambaye seli zake nyekundu zinaishi siku chache namba yake inatoka ya chini kuliko ukweli, na baadhi ya mashine zinachanganyikiwa kabisa na hemoglobini yake.

Kuhusu muda, wanaosafirisha sampuli kutoka Geita na Sengerema wanakikumbuka kivuko cha Kigongo. Kabla ya daraja ilikuwa unafika na kulboksi yako, pantoni imejaa au iko upande wa pili, magari foleni, barafu inayeyuka na we huna la kufanya zaidi ya kununua karanga. Tangu daraja lifunguliwe 2025 unapita tu, watu wanapiga selfi kwenye daraja mi naangalia kipimajoto cha kwenye boksi na moyo umetulia. Nadhani hakuna mashine ya maabara iliyoboresha sampuli zetu za ng'ambo kuliko lile daraja, ila sina takwimu, ni maoni yangu tu. Sampuli ikishafika inagandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na ikishaganda haitakiwi iyeyuke igande iyeyuke igande, kila mzunguko unaharibu kitu. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikagoma kuwaka, watu wa maabara tunaamshana kama kuna moto.

Sasa lile lingine ambalo linaulizwa kwa sauti ya chini. Mumiani. Hii hofu ni ya zamani pwani mpaka bara, kwamba wapo watu wanachukua damu wakauze, na mi siwacheki wanaoogopa maana mtu mgeni akija na gari na sindano na karatasi ya kusaini, hata mi ningeuliza. Huwa nawaonyesha tyubu. Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai, mtu mzima ana kama lita tano, anayechangia damu hospitali anatoa kama mililita 450. Na Mwanza hatujaanza leo, ule utafiti mkubwa uliochapishwa 1995 ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa karibu asilimia 40 ulifanyika mkoa huu, vijiji vya huku, kwa damu za wazazi wetu, na wanaume walitoa mkojo ukaangaliwa chembe nyeupe kama njia ya kumtafuta mwenye maambukizi asiyejua. Dunia nzima iliusoma. Na utafiti siku hizi hauanzi bila kibali cha maadili, huku kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli zikienda nje ya nchi lazima kuwe na mkataba unaosema zinaenda wapi kufanya nini.

Hiyo karatasi unayosaini au kuweka dole gumba, isome au usomewe mpaka mwisho, hasa ile sehemu ya kutunza sampuli zitakazobaki. Kuna kiboksi cha ndiyo na hapana. Unaweza kukubali kupimwa ukakataa kutunziwa, na hakuna anayeruhusiwa kukunyima matibabu kwa hilo. Watu wengi wanaruka hapo, na sisi watoa fomu tukiwa na haraka tunawasaidia kuruka.

Nimalizie na majibu, maana ndo malalamiko makubwa na kwa kiasi fulani wanaolalamika wako sahihi. "Mlikuja, mkachukua, mkapotea." Vipimo vyenye maana kwako leo, kama sukari, malaria, wingi wa damu, kaseti ya kichocho, unatakiwa upewe palepale na dawa au rufaa juu, na timu isiyofanya hivyo mi sitaki kufanya nayo kazi. Zebaki inachukua muda kwa sababu inaenda kwenye mashine kubwa, ila inarudi na mtu anatakiwa aambiwe, kwa kuwa ina cha kufanya, akiacha kuvuta mvuke ile ya kwenye mkojo inapungua kwa nusu ndani ya kama miezi miwili hivi, kwa hiyo akipimwa tena baadaye ataona mwenyewe. Lakini zile alama mpya ambazo ndo kwanza zinatafutwa, protini fulani ambayo labda inaashiria figo itakuja kuharibika baada ya miaka kumi, hiyo namba hata nikikupa hakuna mtu duniani anayejua kwako wewe ni kubwa au ndogo. Mabosi wanasema isitolewe kabisa. Mi naona mtu aambiwe angalau hivi: tumepima, hatujui bado inamaanisha nini, tukijua tutarudi kijijini kuwaambia. Na bajeti ya kurudi iandikwe mwanzoni, pamoja na bajeti ya tyubu.